Fulana ya Kijani Isiyofuliwa

Lonnie Pruett alikuwa fundi wa viyoyozi katika mji wetu wa Tarver, Mississippi, na kama uliwahi kulala kwa raha hapa mwezi wa Agosti, huenda ni yeye wa kumshukuru. Chuoni hakuwahi kusoma. Lakini Mwewe, timu ya chuo chetu ya mpira wa Kimarekani, aliipenda kuliko waliosoma pale. Kila Jumamosi ya mechi alitangulia kwenye maegesho ya nje ya uwanja, ambako mashabiki huchoma nyama, na pikapu yake, jiko la mkaa na mkewe Ardith. Mimi niliegesha pembeni yao miaka mingi, hata wageni wakadhani sisi ni ndugu.

Sheria ya bahati ilikuwa ya Ardith. Walipokuwa wachumba alibadilisha blauzi wakati wa mapumziko, Mwewe wakafungwa, naye akatangaza palepale kwamba timu ikishinda hakuna kubadilisha kitu: nguo ileile, kiti kilekile, mbavu zilezile za nguruwe. Na nguo haifuliwi mpaka tufungwe. Usicheke. Nusu ya mji huu inaishi hivyo, na mimi mwenyewe nina soksi ambazo mke wangu alizipiga marufuku ndani ya nyumba.

Zamani sheria hiyo haikutusumbua, maana tulikuwa tunafungwa upesi na nguo zinafuliwa. Balaa lilikuja na msimu ule. Siku ya mechi ya kwanza, Septemba, Lonnie alishindwa kusimama penye jiko la mkaa. Kifua kilimbana, akaketi kwenye kiti cha turubai, fulana yake ya kijani imelowa jasho, na mechi akaitazama palepale kwenye televisheni iliyowekwa nyuma ya pikapu. Ardith akachoma nyama mwenyewe. Mwewe wakaifunga timu ambayo hatukuwahi kuifunga. Mechi iliyofuata Lonnie akaketi tena na fulana ileile, tukashinda tena.

"Hollis, umeona?" akaniambia. "Kumbe miaka yote hii nilikuwa nawatia nuksi kwa kusimama!"

"Umeketi kwa sababu unaumwa, mzee."

"Nimeketi kwa sababu tunashinda. Niletee karanga."

Daktari aliyempima alisema mishipa ya moyo imeziba, apasuliwe haraka, kisha alale nyumbani wiki kadhaa. Lonnie akamjibu: baada ya msimu. Daktari, mtu wa kuja, hakuelewa anaambiwa nini. Ardith alielewa, na akanyamaza. Hapo ndipo roho inaponiuma. Mwanamke aliyefukuza wauza bima kwa kuwakazia macho tu, safari hii alimezwa na sheria aliyoitunga mwenyewe.

Oktoba nzima tulishinda. Lonnie midomo imekuwa ya kijivu, na fulana inanuka hadi barabarani. Watu wasiomjua walianza kuja kumgusa bega kabla ya mechi ili wapate bahati, naye akiwapokea kama askofu. Nilichukia kila mkono uliomgusa.

Novemba tukakutana na mahasimu wetu wakubwa. Asubuhi ya mechi Ardith alikuwa anageuza mbavu juu ya jiko pale maegeshoni, akasema bila kunitazama:

"Nimeifua."

"Umefua nini?"

"Fulana. Jana mchana, akiwa amelala. Halafu nikaifukiza moshi na kuipaka mafuta ya nyama asijue." Akageuza ubavu mwingine. "Nataka tufungwe, Hollis. Tufungwe vibaya, yaishe, Jumatatu nimpeleke hospitali."

Nikageuka kuangalia kama kuna aliyesikia. Kwetu neno hilo linaweza kukupotezea marafiki.

"Basi na tufungwe," nikasema.

Na kweli, Mwewe wakawa nyuma tangu mwanzo. Kila wapinzani walipopata pointi, Lonnie alipiga paja kwa hasira na Ardith akashusha pumzi. Ilipobaki kidogo mechi iishe, nilimwona Ardith amefumba macho, midomo inacheza, anasali. Ndipo mpigaji wetu wa mateke, aliyekuwa amekosa mchana kutwa, akaupeleka mpira katikati ya nguzo kutoka mbali kusikosemeka. Tukashinda, na maegesho yote yakalipuka kwa shangwe.

Ardith akaketi juu ya sanduku la barafu akalia. Watu wakadhani ni furaha, wakaja kumkumbatia.

Lonnie akamvuta mkono. "Njoo hapa, bibi wee. Unafikiri mimi siijui harufu ya sabuni yako?"

"Ulijua?"

"Tangu naivaa. Nikasema, acha tuone." Alicheka mpaka kikohozi kikamshika. "Kumbe si fulana, Ardith! Hawa watoto wanajua mpira tu, basi. Haya, Jumatatu nipeleke kwa huyo daktari wako, usiniangalie hivyo."

Jumatatu hakuifikia. Jumapili, wengi wetu tukiwa kanisani, Ardith alimpelekea kahawa sebuleni akamkuta amekwisha kwenda, ameegemea kochi na fulana yake mwilini.

Mechi ya mwisho ya msimu Ardith alikuja. Akaweka kiti cha turubai mahali pake, akawasha jiko. Watu wakaanza kupita wakikigusa kiti kile, nami nikakaribia kuwatwanga. Jirani mmoja akamwambia, kwa nia njema, "Angalau aliondoka tukiwa tumeshinda." Ardith akamshukuru, akampa ubavu wa nyama kwenye karatasi, akangoja aende zake.

"Alisema si fulana," akaniambia. "Ulimsikia."

"Nilimsikia, dada."

"Basi ningeifua Septemba."

Nilichukua koleo mkononi mwake nikaanza kugeuza mbavu. Kelele kubwa zikatoka uwanjani, lakini hatukuwa tumewasha televisheni, na wala sikuuliza nani amepata pointi.