Msaliti Aliyeshonwa kwa Uzi wa Viatu

Saa mbili asubuhi mjini Baja, Rezső Bodnár tayari ana wino kwenye kidole gumba na kahawa iliyopoa pembeni. Ana miaka sabini na tisa. Anachora pua, anaguna, anaifuta kwa rangi nyeupe, anaianza upya.

"Zamani mkono huu ulikuwa unakimbia," anasema. "Siku hizi unatembea na mkongojo."

Kwa miaka ishirini na miwili mkono huo uligeuza riwaya kuwa hadithi za picha kwa ajili ya gazeti la mafumbo la kila wiki. Enzi hizo wakubwa wa serikali waliona katuni ni upuuzi wa kuharibu watoto, ila ikitokana na riwaya ya heshima waliiachia ipite. Rezső alikuwa akisoma kurasa mia sita na kuzibana ziwe arobaini na nane, mbili kila Alhamisi.

"Ukatili mtupu," anacheka. "Unamuua shangazi wa watu kwa sababu tu hana nafasi."

Sura hakuzibuni. Alizichukua mtaani kwake: mpiga kinanda wa kanisa akawa jenerali, muuza samaki akawa malkia. Watu walinunua gazeti ili wajitafute.

Mwaka 1974 ikafika zamu ya riwaya ya uasi, yenye mwenye mkahawa anayewauza wenzake kwa askari. Rezső alimpa sura ya jirani yake, fundi viatu Gáspár Sipos. Kosa la Gáspár? Viatu vya harusi alivyomshonea Rezső vilibanduka soli katikati ya dansi, mbele ya wakwe.

"Ulikuwa utoto," anakiri. "Mtaa mzima ukamwita Msaliti. Hakunisemesha tena miaka thelathini na mmoja, mpaka tukamzika. Inaniuma hadi leo."

Mwaka huu mchapishaji mmoja wa Budapest ametaka kuitoa hadithi hiyo iwe kitabu. Michoro ya asili ilitupwa gazeti lilipohama ofisi. Matoleo ya zamani yalipatikana, lakini kurasa nane za mwisho hazikuonekana popote. Rezső, anayeishi kwa pensheni ya forinti laki moja na tisini elfu kwa mwezi, alibandika tangazo kwenye duka la mikate.

Aliyebisha hodi ni Etelka, mjane wa Gáspár, akiwa na kijitabu kwapani. Zamani wasomaji wengi walikata kurasa hizo kila wiki na kuzishona pamoja. Hiki kilishonwa kwa uzi wa viatu uliopakwa nta, kurasa zote arobaini na nane, na hata moja haikuwa imelegea.

"Kakishona nani?" Rezső aliuliza, ingawa uzi aliujua.

"Nani mwingine? Kila Alhamisi anatukana, ananunua, anakata," Etelka alijibu. "Halafu anawaonyesha wateja: 'Huyu ni mimi!'"

Rezső alikipokea kijitabu. Mtu ambaye yeye alimwogopa miaka yote ile kumbe alikuwa msomaji wake mwaminifu kuliko wote. Rezső aliahidi kuzichora upya kurasa hizo na kumpa msaliti sura nyingine kabisa.

"Thubutu!" Etelka alimkatiza. "Albamu yetu ya picha iliozea stoo. Ukimfuta humo, nitamwona wapi tena akiwa na nywele? Wewe mzee, bado una kinyongo cha soli?"

Alifika mlangoni, akageuka. "Ila pua uliikuza. Hiyo irekebishe."

Ndiyo pua anayohangaika nayo asubuhi hii. Kitabu kinatarajiwa kabla ya Krismasi, na nakala ya kwanza Rezső hataki igundishwe kiwandani. Mezani, karibu na wino, kuna msharasi wa Gáspár, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, na uzi uliobaki kwenye karakana yake, na vidole vya Rezső vina plasta mbili.

"Nitaishona mwenyewe nimpelekee Etelka," anasema. "Ikibanduka mbele ya watu, basi mimi na Gáspár tutakuwa sare."