Kichwa Chini Mpaka Mpira Uanguke

Juzi nilishika fimbo ya gofu kwa mara ya kwanza tangu utotoni, kwenye uwanja mmoja huko Kampala, na mwalimu akaniambia nisiinue kichwa kabla mpira haujaingia shimoni. Nilijichekesha asijue, lakini wewe sikufichi: kimawazo nilikuwa nimesharudi Bunia, kwetu Kongo.

Vita ilisemekana imekwisha. Hata hivyo tulilala na viatu miguuni, na bibi alipika sombe, yale majani ya mihogo, mapema ili giza lisikute moto jikoni. Jirani yetu, mzee aliyewahi kuwabebea wakubwa wa mgodi fimbo zao za gofu, alibaki na moja. Alifukia kopo la nyanya katika ua wetu, akatufundisha kusukuma mpira uingie humo. Kwanza tulimwaga maji ya vyombo tuone ardhi inainamia wapi. Mabega ndiyo yasogee, viganja vitulie. Na fimbo tuibebe ikining'inia, kamwe si begani, maana mama mmoja aliiona begani kwangu akadhani ni bunduki, akatupa beseni lake la mihogo na kukimbia, na mtaa mzima ukamfuata.

Yote niliyaweza, isipokuwa kichwa. Baba alikuwa akilima maharagwe Bogoro na kurudi kwa pikipiki, na barabara ile haikuaminika. Kila pikipiki iliponguruma niliinua kichwa, na mpira ukapotelea majanini.

Siku moja alichelewa mno. Nikaogopa kweli. Jirani akaniwekea mpira.

"Weye, macho chini," alisema polepole. "Kuangalia barabara haiwezi kumuleta papa yako. Ngojea usikie mupira inaanguka."

Nikausukuma. Pikipiki ikapita, lakini sikuinua kichwa. Mpira ukagonga bati la kopo. Nilipotazama, baba alikuwa amesimama langoni, ameshika pikipiki iliyoishiwa mafuta, akisubiri nimalize. Nililia mbele ya wote.

Leo jirani hayupo, bibi hayupo, na ua ule umejengwa nyumba ya watu nisiowajua. Baba naye, msimu mwingine wa maharagwe, alikwenda Bogoro na hakurudi.

Kule Kampala mpira uliingia. Mwalimu akanisifu, akaniambia sasa naweza kutazama. Nilibaki nimeinama. Maadamu sijainua macho, huenda baba amesimama langoni.