Rangi ya Kucha kwa Magoti ya Roboti

Nyumbani kwetu Kisangani kuna roboti wa plastiki ambaye kwa muda mrefu alifanya kazi ngumu kuliko mtu yeyote humo ndani, mimi nikiwemo. Nilimnunulia binti yangu sokoni. Muuzaji aliapa kwamba ukimkunja, mtu anageuka lori, na ukimkunjua, lori linageuka mtu, mwaka nenda mwaka rudi, bila kulegea. Nilimwamini kwa sababu nilikuwa na haraka.

Binti yangu alimtaka awe mtu. Alimsimamisha juu ya televisheni, mikono kiunoni, alinde nyumba. Baba yangu, ambaye anaishi nasi, alimtaka awe lori. Baba alikuwa dereva wa barabara ya Banalia karibu maisha yake yote, mpaka macho yakamharibikia, daktari akamkataza usukani, na lori likauzwa. Kwa maelezo yake mwenyewe, macho yake hayana tatizo lolote. Tatizo ni daktari. Basi kila mchana, mtoto akiwa shuleni, alimpapasa roboti pale juu, akamteremsha, akamkunja, akaketi barazani na kuliendesha lori lake juu ya ukuta mfupi, akipunguza mwendo kila alipofika kijiji cha Bengamisa na kuyatukana matope. Mtoto akirudi, alimkunjua mtu wake huku akinung'unika. Hakuna aliyemwambia mwenzake neno. Ugomvi wote ulipiganwa kwenye magoti ya roboti.

Magoti yakalegea. Ukimsimamisha, alipiga magoti kwa heshima zote, kisha akaanguka kifudifudi, siku moja ndani ya sahani yangu ya mboga ya pondu. Mtoto alilia.

"Camion haina lazima ya kusimama," baba alisema, akilitetea lori lake huku akiendelea kula.

Mimi, niliyechoka kuwa mwamuzi, nikatafuta dawa kwenye simu. Mwanamume mmoja katika video alieleza kwamba unapaka viungo rangi ya kucha, ile isiyo na rangi, inenepeshe goti kidogo, halafu... Hapo mega zangu za intaneti zikaisha. Nikajiona nimeelewa vya kutosha.

Jumamosi alipita kijana anayepaka wanawake kucha, akigonganisha vichupa vyake njiani ili tumsikie. Nikamwita. Alipoona mteja ni nani hakucheka hata kidogo. Alivuta kigoda, akamfuta roboti vumbi la miguuni, akauliza kama hatupendelei nyekundu. Kisha akampaka magoti, nyonga na viwiko, tena na tena, kwa mkono mtulivu kuliko ule anaonipakia mimi, jambo ambalo lilinikera. Alipomaliza alitoa agizo analowapa wateja wake wote.

"Maman, asitembee mbaka vernis ikauke. Mutu asimuguse."

Binti yangu alikaa kando ya roboti mchana kutwa, akimfukuza hata nzi. Kufikia asubuhi mtu wetu alikuwa amesimama, na alisimama kwelikweli. Nyumba nzima tulimsifu kijana wa kucha. Niliponunua mega nyingine nikaona nusu iliyobaki ya video: rangi inapokauka, kiungo kikunjwe na kukunjuliwa bila kupumzika, la sivyo kitaganda. Nikaizima simu.

Jumatatu baba alimteremsha. Goti likakataa. Akajaribu tena, polepole, kama mtu anayetafuta gia katika lori kuukuu, nalo likakataa tena. Akamrudisha juu ya televisheni na kwenda kulala. Siku iliyofuata akalala pia, na iliyofuata. Nilijiambia kwamba mzee anahitaji kupumzika. Ukichambua mchele unaweza kujidanganya vizuri sana. Kwa kweli ukimya wa ile baraza uliniuma, na sikujua la kufanya.

Binti yangu hakuniuliza. Alirudi kutoka shuleni, akamkuta koko, ndivyo anavyomwita babu yake, amelala amegeukia ukuta. Akamchukua roboti wake, akambana katikati ya mapaja, akakunja goti kwa nguvu zake zote. Nikiwa jikoni nilisikia plastiki ikikatika. Sikusikia kilio. Alipeleka vyote viwili, mwili na mguu, kitandani.

"Koko, hayisimame tena. Fanya camion."

Baba akaketi. Akavipapasa vile vipande, akaagiza utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli, akamkunja mtu yule kwa upande uliobaki, na mguu uliokatika akaufunga ubavuni kama mzigo uliozidi. Tukatoka kwenda barazani sote watatu. Akaliweka lori juu ya ukuta, mkono wake ukiwa bado juu yake. Nilisubiri aiwashe injini kwa mdomo, kama kawaida yake.

Badala yake aliuchukua mkono wa mtoto na kuuweka pale ulipokuwa wake.

"Endesha weye," alimwambia. "Miye nitaketi pembeni. Sioni tena njia."

Miaka yote hiyo nilikuwa nikingoja aniambie mimi neno hilo.