Bi Mkutubi na Chumba cha Video

Nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi simu ilipolia. Alikuwa mwalimu mwenzangu wa zamani, na kwa kuwa ni mtu wa maneno mengi, ufupi wake ulinishtua kabla ya habari yenyewe. "Bi Mkutubi katutoka," akasema, basi. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Alikuwa ameugua wiki chache tu, na mara ya mwisho nilipomtembelea hospitali alinituma nimletee embe bichi na chumvi, kwa hiyo nilirudi nyumbani nikiamini amepona. Wasomaji wangu hamkumjua, lakini mmekuwa mkimsoma bila kujua. Tangu nistaafu ualimu, safu hii naiandikia kwenye meza ya dirishani, katika maktaba ya chuo kimoja hapa Wete, na yeye ndiye aliyekuwa akipita nyuma yangu, akisoma juu ya bega langu na kusema, "Hapa umerefusha, Mwalimu. Watu wana kazi zao." Leo hayupo wa kunikatisha, basi nivumilieni.

Alitoka kwenye ukoo wa Kihindi, wafanyabiashara wa vitambaa waliokuwa na duka hapa mjini tangu enzi za babu zao. Mgeni kutoka Unguja akimwona alijiandaa kuzungumza naye Kiswahili cha polepole, cha kumsaidia, kisha Bi Mkutubi akafumbua kinywa na kumshushia Kipemba kizito mpaka mgeni ndiye akahitaji msaada. Mwili wake ulikuwa wa heshima na sauti yake kubwa kuliko inavyofaa kwa mtu mwenye kazi ya kunyamazisha wengine. Miaka michache iliyopita chuo kilijiunga na mkusanyiko wa video za masomo, zile zinazotazamwa kwenye mtandao papo hapo: jinsi moyo unavyosukuma damu, jinsi ya kufunga jeraha, jinsi ya kufundisha hesabu darasa la kwanza. Viongozi walipiga picha, wakapeana mikono, wakaondoka. Baada ya hapo hakuna aliyezitazama. Wanafunzi walisema Kiingereza chake kinakwenda mbio, vipokea sauti vya masikioni havipo, na wengine waliona kukaa maktaba kutazama video ni mchezo, heri wakutwe na kitabu hata kama wamesinzia juu yake. Nilimwambia Bi Mkutubi asihuzunike, kizuri chajiuza. Akanitazama kama niliyemtukania mzee. "Wapi, Mwalimu! Mie nimezaliwa dukani. Hata kizuri chataka mtu wa kukikunjua, akiweke mezani, amwambie mteja, hebu shika uone."

Akakitoa nje kila kilichokuwa katika stoo ya magazeti ya zamani, akatundika shuka jeupe ukutani, akaazima projekta, na kila Jumatano baada ya adhuhuri akawa anakunjua bidhaa. Hakukaa nyuma kimya. Alikaa mbele, mkono juu ya kipanya, na kila daktari wa kwenye video alipokwenda kasi alimsimamisha katikati ya neno, mdomo wazi. "Wee bwana, unawahi treni?" anamwuliza. Kisha anawageukia wanafunzi: "Kasemaje huyu? Nani kafahamu?" Anayefahamu anaeleza kwa Kiswahili, asiyekubali anabisha, na Bi Mkutubi, ambaye mambo ya figo na ini hakuyajua na wala hakujidai kuyajua, anawaachia mkufunzi wao awaamue. Baada ya muda mfupi watu walikuwa wanakuja mapema kushika viti, na mkufunzi mmoja aliyewahi kusema video ni uvivu wa kisomi akawa analeta mto wake wa kukalia.

Yaliyotaka kukifunga chumba kile yaliletwa na nyuki. Siku hiyo wanafunzi wa ualimu wa biolojia walikuwa wanatazama maisha ya mzinga, na kwa sababu ya joto madirisha yalikuwa wazi. Mwanafunzi mmoja mwenye sauti ya muadhini alikuwa anafasiri: "Malkia hutoka peke yake, madume yanamfuata, naye hukutana na mmoja baada ya mwingine!" Mtu aliyekuwa akipita nje na kapu lake la sokoni akasimama, akasikia, akaenda zake haraka. Mpaka habari ilipofika mtaa wa Jadida, nyuki wote walikuwa wameshadondoka njiani, wamebaki malkia na madume. Chuoni wanaonyesha picha chafu, tena maktaba, tena mchana. Wazazi wakapiga simu. Mkuu wa chuo, mtu mwema lakini mwoga wa simu, akatangaza kwamba chumba kitafungwa mpaka bodi ikutane, na minong'ono ikaanza kwamba hata mkataba wa video hautaendelezwa.

Bi Mkutubi hakujitetea. Bodi ilipokutana aliingia, akasalimia, akasema, "Waheshimiwa, mie sina la kusema. Karibuni tuangalie sote." Wakaongozana mpaka chumbani, na mbele kabisa akakaa shehe mmoja wa makamo, mjumbe wa bodi, uso umekunjamana tayari kwa dhambi. Nami nilikuwepo, maana nilijipenyeza kwa kisingizio cha kutafuta miwani. Video ikaanza. Maua, mzinga, nta. Shehe akakunjua uso kidogo. Malkia akaruka, madume yakamwandama angani, moja likamfikia, na hapo hapo mtandao ukakwama. Picha ikasimama, kile kiduara kikaanza kuzunguka katikati ya shuka. Kimya. Mkuu wa chuo akakohoa. Kiduara kikazunguka. Hatimaye shehe akashindwa kujizuia:

"Sasa huyu dume, kinampata nini?"

"Sijui, Shehe wangu. Tungoje mtandao."

"Lakini nyie mmeshaiona hii."

"Tumeiona. Lakini nikikwambia mie, utasema kakwambia Bi Mkutubi. Bora akwambie nyuki mwenyewe."

Watu wakacheka, na katika kungoja kule mjumbe mmoja mwenye mizinga yake kijijini Mgogoni akaanza kueleza namna malkia anavyotambulikana, mwingine akambishia, shehe akawakumbusha kwamba Qur'ani ina sura nzima yenye jina la nyuki na mtu hapewi sura bure. Picha iliporudi na lile dume likaanguka, limekufa, shehe akapiga goti lake. "Subhanallah! Kafa?" Akaomba irudishwe tena aone vizuri. Chumba hakikufungwa. Ijumaa ya wiki ile ile, baada ya sala, shehe aliwaambia watu kwamba aliyeona uchafu katika nyuki akaoshe macho, na Jumatano iliyofuata ilibidi viti viongezwe.

Nimekuwa nikifikiri sana juu ya kile kiduara. Sote tunakilaani, nami nimekilaani humu humu katika safu hii. Lakini Bi Mkutubi alipokiona aliegemea kiti akafurahi, kwa sababu alijua sasa watu watageukiana wazungumze. Sisi tuliosomea kufundisha tuliogopa ukimya huo tukaujaza kwa maneno yetu. Yeye aliwaachia watu wenyewe.

Lakini sitaki mdhani kila kitu kilimwendea kwa vicheko. Muhula mmoja mkufunzi wa uuguzi alikuwa likizo ya uzazi, akawaachia wanafunzi wake video ya jinsi ya kumgeuza kitandani mgonjwa mzito asiyejiweza bila kumuumiza wala kujivunja mgongo. Mtihani wa vitendo ulikuwa umekaribia, na wengi walikuwa hawajaitazama. Asubuhi moja wakaifungua, haipo. Si mtandao. Wenye video walikuwa wameiondoa tu, kama walivyokuwa na haki ya kufanya. Bi Mkutubi akapiga simu ng'ambo, akaongea Kiingereza cha adabu mpaka jasho likamtoka, akajibiwa kwa adabu vile vile kwamba haimo tena katika mkusanyiko. Alipoweka simu chini nilimwona kwa mara ya kwanza amekasirika. "Kitabu, Mwalimu, ni nyumba yako. Ukishafunga mlango umefunga. Hivi ni vyumba vya kupanga. Mwenye nyumba akitaka anaezua paa nawe umelala ndani." Wasichana wawili walikuwa wanalia pembeni, maana walikwisha kuanguka mtihani huo mara moja na hawakuwa na nafasi nyingine.

Hakuwaambia wasilie. Alitoka, akaenda kumwomba muuguzi mmoja mstaafu, jirani yake, aje awaonyeshe. Bibi yule akakubali, lakini akauliza mgonjwa ni nani, kwani wanafunzi wote walikuwa wembamba kama vijiti vya mishikaki na kuwageuza hao si kazi. Bi Mkutubi akajitazama, akatutazama, akasema, "Haya, mzigo mwausaka wapi na mie nipo?" Akazisogeza meza mbili za kusomea, akatandika blanketi, akajilaza na baibui lake, akajifunika shuka mpaka shingoni. Mwanafunzi mmoja akawasha kamera ya simu. Tatizo likawa moja: alikuwa na mtekenyo. Kila walipomshika ubavuni mgonjwa asiyejiweza alijikunja na kuangua kicheko, na muuguzi mstaafu akamkemea, "Wewe umepooza! Tulia!" "Nimepooza, wallahi, lakini si ubavuni." Walirudia na kurudia. Wale waliokuwa wanalia nao wakacheka, wakamgeuza, wakamgeuza tena, mpaka mikono ikajua yenyewe. Mtihani walifaulu, wale wawili pia, na ile video ya simu ikawekwa kwenye kompyuta ya chuo, ambako hakuna mwenye nyumba wa kuiezua. Nasikia ndiyo inayotazamwa kuliko zote.

Sasa amekufa, na video ipo. Siku za matanga, tukiwa upande wa wanawake, kaimu wake alimjongelea dada mkubwa wa marehemu, akamweleza kwa unyenyekevu kuwa wamekuja kuomba radhi, na kwamba kama familia haipendi wanafunzi waendelee kumwona marehemu amelala vile, wataifuta leo hii. Dada mtu hakuwa ameiona. Akaomba aonyeshwe. Tukamzunguka, simu mikononi mwake, na ndani ya nyumba ya msiba kikasikika kile kicheko. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua, dada mtu alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na wanawake wote wamejiziba midomo kwa kanga. "Iacheni," akasema. "Kajistiri, na watu wanafaidika. Kwani akishakufa ndiyo faida yake ikatwe nusu?"

Ningeweza kumalizia hapo, na marehemu angeniambia nimalizie hapo. Lakini juzi nimesikia kwamba chuoni kuna wazo la kutoajiri mkutubi mwingine. Hoja ni kwamba siku hizi kila kitu kimo mtandaoni, mwanafunzi ana simu yake, atatazama mwenyewe kitandani kwake. Wenye wazo hili si watu wabaya, na hesabu zao huenda ni sahihi. Mimi nawaomba wakumbuke tu kwamba zile video zilikaa muda mrefu bila kuguswa, zote zimo, zote nzuri, mpaka akatokea mtu akavuta kiti akakaa nazo pamoja na wasiozielewa. Mashine itamwonyesha kijana namna ya kumgeuza mgonjwa. Haitamwona kijana huyo analia pembeni, wala haitajilaza mezani kwa ajili yake. Basi ajirini mtu. Ujuzi wa kompyuta atafundishwa, na ukimya wa maktaba tutamvumilia asipouweza. Muulizeni tu, siku ya usaili, kama anapenda watu, na msikilize anavyojibu.