Adamu wa Ukutani Katumba

Nilipewa kipindi cha kuchora kwa sababu ya mwandiko wangu. Mwalimu mkuu aliona nimeandika tarehe ubaoni, herufi zimepangika vizuri, akasema, "Basi huyu anajua kuchora." Sikujua. Ng'ombe wangu wote walifanana na meza. Lakini ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilikuwa mwalimu mgeni katika shule ndogo ya kanisa huko Katumba, na mgeni habishi.

Watoto wangu wa darasa la pili wengi walitoka familia za wakimbizi wa Kirundi. Waliniita "mwarimu", na nyumbani kwao walilima mahindi na tumbaku. Rangi za dukani hatukuwa nazo. Tulisaga mkaa, tukachota udongo mwekundu kwenye kichuguu, tukaponda majani mabichi, tukachanganya na uji mwembamba wa muhogo ili rangi ishike. Buluu ilikuwa ile ya kufulia mashati.

Siku moja mwalimu mkuu akaniambia mchungaji kutoka mjini Mpanda angekuja kubariki darasa letu jipya.

"Ukuta wa nyuma uko wazi mno," akasema. "Wachore bustani ya Edeni. Kitu kizuri, mwalimu, kisichonitia aibu."

Nikawasimulia watoto habari za Edeni, nikawagawia ukuta. Kila mmoja akachora anachokijua. Tukapata mbuzi, nyati, kuku kupita kiasi, na baiskeli.

"Baiskeli ya nani?" nikauliza.

"Ya Adamu, mwarimu. Kuni atabebea nini?"

Hawa alichorwa na msichana mmoja mpole. Akampa mtoto mgongoni, ameng'ang'ania shingo. Nikamweleza kwamba wakati ule Hawa alikuwa hajazaa. Akanitazama kwa huruma.

"Mwarimu, mama mzima hana mtoto, watu watasemaje?"

Nilitaka kumwambia hapakuwa na watu. Nikaacha. Adamu naye alichorwa na wavulana wawili kama alivyoumbwa, bila kupunguza kitu.

Mwenyekiti wa akina mama wa kanisa alikuja na wenzake kufagia. Alisimama mbele ya Adamu, ufagio mkononi. Kisha akavua khanga yake ya juu, akaomba misumari miwili, akamfunika.

"Mwanangu," akaniambia taratibu, "hii ni shule."

Kesho yake tukawavalisha kwa rangi. Adamu akapata kaptula ya kaki, Hawa akapata kitenge cha maua. Kwa kweli walipendeza. Jioni akapita mzee wa kanisa, mtu aliyeisoma Biblia yake mpaka jalada likatoka. Akatazama, akatikisa kichwa.

"Wamevaa?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi wamekwisha kula tunda. Hii siyo Edeni tena. Wote wawili wameshafukuzwa."

Mwalimu mkuu akashika kichwa. Uchi haufai, nguo hazifai, na mchungaji yuko njiani. Watoto ndio waliosema tuwafiche kwenye majani. Tukazipaka zile nguo udongo mweupe, juu yake wakachora majani marefu, yakawafika mabegani, kichwa cha mtoto wa Hawa kikichungulia. Nikapumua. Mama mwenyekiti akarudi kuchukua khanga yake, akaguna.

"Kumbe Adamu alikuwa mvivu hivi? Shamba limemshinda, magugu mpaka shingoni!"

Maneno yale yaliwachoma watoto. Walikuwa watoto wa wakulima, na hakuna tusi lililozidi hilo. Wakaomba muda wayageuze magugu kuwa zao la maana. Mimi nilikuwa kwenye wimbo wa mapokezi na darasa la kwanza, sikuangalia sawasawa. Niliona majani mapana ya kijani kwenye matuta yaliyonyooka, nikamshukuru Mungu.

Mchungaji akaja. Sisi sote tulijua alivyokuwa mkali kwa wavuta sigara. Aliwahi kumtoa mtu ibadani kwa harufu tu. Akasimama mbele ya ukuta, mikono nyuma. Akamwinamia mmoja wa wale wavulana.

"Haya ni majani gani?"

"Tumbaku, baba mchungaji."

Mwalimu mkuu akatazama mlango.

"Tumbaku. Edeni. Kwa hiyo Adamu alikuwa anavuta?"

Mtoto akashangaa kweli. "Hapana, baba! Alikuwa anauza tu."

Wazazi waliokuwa nyuma wakaanza kucheka chinichini, huku kila mmoja amevaa shati au gauni lililonunuliwa kwa pesa za tumbaku. Mchungaji akajaribu kukaza uso. Ukamshinda. Akacheka mpaka akavua miwani, kisha akalibariki darasa "pamoja na jasho la wazazi wake." Habari za sigara hakuzigusa siku ile.

Watu walipokwenda kula wali, nilirudi darasani kuchukua chaki zangu. Nikamkuta mama mwenyekiti peke yake na yule msichana mpole.

"Huyu mama kambeba mtoto vizuri," mama alikuwa anasema, akimwonyesha Hawa. "Ukichora mtu, unaanzia wapi?"

"Kichwani, mama."

"Mimi sijawahi."

Msichana akampa kipande cha mkaa. Mama akakunja khanga, akachuchumaa kwenye kona, akachora polepole, ulimi nje. Nikainama nitazame.

"Ni kuku?" nikauliza.

"Ni mume wangu," akajibu bila kugeuka, akaendelea kumwekea miguu.