Ndizi ya Kishikwambi

"Madam, kwani hii mashine imekula ndizi za wapi?"

Nilikuwa nimemaliza chuo miezi michache tu, najitolea kufundisha darasa la tatu katika shule moja ya Kilema, na nilijiona bingwa wa kuhoji. Chuoni niliwahoji wahadhiri. Nyumbani, Moshi mjini, nilimhoji mama mpaka akaniomba nimpumzishe. Sasa nilikuwa nahojiwa na msichana wa miaka tisa, mbele yake kishikwambi kipya kinachokataa kumvusha hatua ya pili.

Vishikwambi vililetwa na wafadhili. Swali la mwisho la hatua hiyo lilikuwa na mchoro wa ndizi usiopakwa rangi: Ndizi ina rangi gani? Darasa zima lilibonyeza kijani. Mashine zikaguna. Wenzake wakabahatisha rangi nyingine, wakapata nyota, wakahamia kwenye michezo. Yeye alikaa na kijani chake siku tatu.

"Bonyeza njano," nikamwambia.

"Njano ni ya mbege, madam."

Na kweli. Huku mlimani ndizi ya chakula hukatwa ikiwa kijani; inayoachwa iive, mara nyingi ni ya pombe hiyo ya mbege. Bibi yake alikuwa mpishi wa mbege, kwa hiyo alijua anachosema.

"Mbishi kama bibi yake!" akapaza sauti mmoja wa nyuma. "Si ubonyeze tu?"

Ijumaa wafadhili walikuwa wanakuja, na mwalimu mkuu alishatangaza: asiye na nyota hatagusa kishikwambi muhula ujao. Alhamisi msichana akaja na ndizi mbichi kwenye begi, akaiinua mbele ya kamera.

"Labda haijawahi kuona," akasema.

Nilicheka, kisha nikaona saa. "Ipe inachotaka, mwanangu," nikasema, mimi niliyeandika insha nzima kupinga elimu ya kukariri. Nikageuka kufuta ubao. Nilipomrudia, nyota ilikuwa inawaka.

"Umeona? Ilikuwa kazi?"

Alikuwa anairudisha ndizi yake kwenye begi, taratibu.

Ijumaa alikaa mbele, wageni wakapiga makofi, nami nikapiga. Miaka iliyofuata, kila mjadala wa teknolojia shuleni ulipozuka kati yangu na marafiki, nilimalizia na habari zake: jinsi mashine ilivyomshinda mtoto aliyekuwa sahihi, nami nikaishikia fimbo.

Mwaka huu nimekutana naye sokoni, yuko kidato cha pili, kanizidi urefu. "Shikamoo, madam." Nikamwomba radhi palepale, kati ya mafungu ya nyanya. Akacheka mpaka akashika meza ya watu.

Kumbe hakubonyeza njano hata siku moja. Nilipogeukia ubao alimsogezea jirani yake kishikwambi ambonyezee, yeye mwenyewe akafumba macho; na malipo yalikuwa ndizi moja mbivu, aliyoichomoa kwenye ndizi za mbege za bibi.