Kamera Ndani ya Mzinga wa Baba

Nyamai alikuwa amechoka hadi kwenye kope. Kazi yake ilikuwa kulinda kamera zilizofungwa mitini kwenye hifadhi ya jamii nje ya Kyuso, zile zinazopiga picha zenyewe tandala na fisi wanapopita. Fisi hawakuwa na shida nazo. Shida ilikuwa watu. Alizifunga kwa kufuli, kufuli zikavunjwa. Akazipandisha juu, zikapopolewa kwa mawe. Meneja wa hifadhi hakumung'unya maneno: ikiharibiwa moja tena, atatafutwa mlinzi mwingine.

Kila jioni alimlalamikia mdogo wake, Mbuvi mchoma makaa, wakila muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, kwenye sufuria moja. Mbuvi alitikisa kichwa kwa huruma.

"Pole sana, Nyamai. Watu ni wabaya. Na hii ingine umeweka wapi?"

Naye Nyamai, kwa kuwa ndugu ni ndugu, akamwambia.

Mwishowe akachukua mzinga mkuukuu wa nyuki wa marehemu baba yao, wenye alama ya ukoo iliyochongwa ubavuni, akaificha kamera ndani yake, akautundika mgungani juu ya njia ya wanyama. Kwao mtu anaweza kukuibia mbuzi na akalala usingizi wake wote, lakini mzinga wenye alama ya mwenyewe hauguswi. Hata hilo alimwambia Mbuvi.

Kamera ikadumu. Siku ya kukagua picha, Nyamai aliketi chini ya mgunga kuzitazama. Tandala. Fisi. Kisha mdogo wake, shoka begani, akitazama juu. Picha iliyofuata, shoka liko chini na kofia ameivua, ameishika kifuani. Kisha mgongo wake, akienda zake.

Nyamai alitaka kukasirika, akakosa nguvu. Zile pole zote za jioni ndizo zilizomuuma.

Walipokaa kula, Mbuvi akauliza, "Na ile ya mzinga?"

"Iko salama. Imekupiga picha ukivulia baba kofia."

Mkono wa Mbuvi ukasimama.

"Ningefanya nini? Hizo kamera zinaona tanuri zangu za makaa mle hifadhini."

"Kesho mchana napeleka picha kwa meneja. Asubuhi enda wewe mwenyewe, umwambie."

"Nyamai, mimi ni ndugu yako."

"Ndiyo maana nimekupatia asubuhi. Nimechoka, Mbuvi. Kula."

Akamsogezea sufuria, maana yeye hakuwa na hamu tena.